Plagi Nne

Datsun ilianza kukohoa ikipanda Museum Hill,
trei arobaini za mayai mgongoni mwake,
na kila kikohozi kikapita kwenye maganda
kama mtu anayebisha hodi
asiye na hakika na nyumba.

Silinda moja hailipi kodi, akasema Munyoki,
sikio kalitega juu ya kabureta
kama anayeletewa umbea.
Nenda Kirinyaga Road, leta plagi nne.
Akaandika namba kwenye pakiti ya sigara,
akaipigia mstari mara mbili.
Ukiambiwa "hii ni kama hiyo," toka.

Kirinyaga Road maduka yamebanana kama meno.
Kijana wa kaunta, Gichohi, kucha zimekula grisi,
alinipangia plagi juu ya kioo
kama sonara mbele ya bibi harusi:
ya shaba, ya platinamu,
na hii, mama, ya iridiamu,
ncha nyembamba kama ya sindano,
utaenda Isiolo na kurudi mpaka uisahau.
Bei yake, trei sita.

Nikauliza, ya injini yangu ni ipi?
Akasema, zote zinaingia.

Zote zinaingia.
Niliwahi kuolewa kwa hesabu hiyo hiyo.

Sikusomea injini, lakini nimesimama sana karibu na Munyoki.
Najua uzi ukizidi urefu, plagi itapigana na pistoni;
ukipungua, cheche itawaka shimoni peke yake
kama taa ya msalani.
Najua injini yenye hasira hupewa plagi baridi,
na injini ya safari fupi, ya kuzimwa kila kibanda,
hupewa ya moto, ijichomee masizi yenyewe.
Mimi ni mtu wa vibanda.

Niliishika ile iridiamu. Nyepesi.
Nikakwaruza maandishi kwa ukucha
yakatoka, herufi baada ya herufi,
hadi kaure ikabaki nyeupe, haina kwao.
Gichohi akatazama barabarani
kana kwamba kuna mtu amemwita.
Kisha, bila neno, akainama chini ya kaunta,
akatoa kisanduku chenye vumbi:
shaba tupu, namba ile ile ya pakiti ya sigara.
Trei mbili, pesa kamili, hakuna chenji.

Ngara, Munyoki alikuwa ameshafungua zile za zamani
akazilaza juu ya gazeti, kila moja mahali pake.
Ya kwanza, rangi ya biskuti. Nzuri.
Ya pili, biskuti.
Ya nne nayo, biskuti iliyokaa motoni kidogo.
Ya tatu nyeusi, imelowa oili,
imeacha duara kwenye uso wa mtu wa gazetini.

Hii mpya itawaka wiki tatu, akasema,
halafu italowa tena.
Ugonjwa si plagi. Ni pete.

Nikatazama kidole changu,
pale ngozi ilipo bado na mstari mweupe.
Yeye hakuniona. Alikuwa amefumba jicho moja,
anapitisha kibati chembamba kwenye nafasi ya ncha,
anagonga polepole, anapima tena.
Zikigusana, hamna cheche, akanong'ona.
Zikiachana sana, pia hamna.
Nilitaka kumwambia anyamaze, nina mayai juani.

Pete zitangoja Disemba.
Nilimlipa, nikamwongeza mayai mawili yaliyopata ufa,
nikaitia ile nyeusi mfukoni, sijui kwa nini,
ikanichafua sketi.

Kupanda Museum Hill nilizima redio.
Moja, tatu, nne, mbili.
Moja, tatu, nne, mbili.
Ndivyo zinavyopokezana huko ndani,
si kama tulivyofundishwa kuhesabu,
na trei nyuma, kwa leo,
kimya.