Mzamiaji wa Igogo

Pasi uliyoiomba haikuwa ya shati.
Nilijua, kwa jinsi ulivyosema, "Mama, dakika tu,"
macho chini, mkono nyuma ya mgongo
umeshika karatasi ya vijisanduku
uliyoichora usiku mzima wa Jumamosi.
Elfu ishirini, mia moja themanini na vinne.
Nilicheka, Lusana. Mimi napima watu kwa futikamba,
wewe unapima mtu kwa vidoti.

Shanga hizi si zile nilizozijua,
za bibi, za kioo, zenye mlio.
Hizi ni vijibomba vya plastiki, vyepesi kama pumba,
ukikohoa vinahama nyumba.
Shangazi yako Holo alizituma, ndoo mbili za rangi,
zimechanganyika kama maharage ya msibani.
Siku nne tukichambua: nyeusi kikombeni,
za chungwa kwenye sufuria,
za bluu kwenye kofia ya baba yako,
naye alfajiri akaivaa bila kutazama.

Mtu mwenyewe simjui. Unasema ni mzamiaji
wa gemu la kwenye banda la Maduhu,
mia mbili kwa dakika kumi:
kofia ya shaba, buti za risasi,
dirisha moja la duara, na nyuma yake hakuna sura.
"Anatafuta nini huko chini?"
"Hatafuti. Anashuka tu. Akigusa chini, gemu linaanza upya."
Nikaona hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Kibano changu cha nyusi ukakihamisha.
Punje moja, kijino kimoja, mia nane arobaini na moja kila kibao,
na vibao unavyo vinne tu,
kwa hiyo tunapanga, tunayeyusha, tunabandua, tunapanga,
hadi vipande ishirini na vinne.
Nyeusi zikaishia begani.
Tulizunguka Makoroboi yote, wauza vifungo, wauza hereni,
wakatuuliza shanga gani hizo zinazoungua.
Ukamalizia kwa zambarau.
Kwa mbali huoni. Kwa karibu,
bega la kushoto lina jioni yake.

Pasi ni yangu. Hapo nilikwambia: sogea.
Pasi haisuguliwi, inatembezwa,
kama kiganja juu ya tumbo la mtoto mwenye mchango.
Khanga chini, karatasi ya kuokea juu,
na vitundu vinajifunga taratibu
mpaka vibaki kama jicho la sindano. Hapo unaacha.
Ukizidisha ni uji. Ukipunguza ni pumba tena.
Miaka kumi na tisa nanyoosha kola za watu;
siku ile ndipo uliponitazama mikono.

Kipande cha tisa, umeme ukakatika.
Nikatoa pasi ya mkaa ya marehemu mama.
Ndiyo maana goti moja lina ukoko.

Kisha dirisha. Usiku ule usubi ulipanda kutoka ziwani,
wingu zima, ukafuata mwanga wa simu yako,
ukatuangukia kibaoni kama pilipili manga.
Tulipuliza, tukapanga upya, tukapuliza.
Mmoja akabaki. Hatukumwona
hadi plastiki ilipopoa:
katikati ya kioo cheupe, mabawa yamekunjwa,
mzamiaji anatuangalia.

Ulitaka kumkwangua kwa wembe.
Nikakushika mkono. Au sikukushika,
nilisema tu "subiri". Sikumbuki.

Sasa amelala sakafuni,
juu yake mawe saba ya nyuma ya choo
asije akajikunja. Mawe, hapa, hayatupungukii.
Wateja wanamruka wakija kuchukua sare.
Mama Kwandu kauliza ni mtakatifu gani.
Kesho tutamtundika, kama ukuta utakubali msumari.

Leo nimefagia. Chini ya cherehani
nimeokota punje moja, nyeusi.
Iko kwenye kopo la vifungo.
Sijakwambia.