Kodi ya Chumba Nisichokiona

Nina kurasa sita tu.
Mmoja wa jina langu, Eladia Bentancur, fundi wa bandoneoni,
yule ndugu wa kodiani mwenye kifua kibovu;
mmoja wa bei; mmoja wa picha za vilimi vya chuma
kabla sijavisugua, na baada;
mitatu ni daftari la baba,
aliyeandika kila chombo kilichopita mikononi mwake
kwa penseli, miaka arobaini, hapa Paysandú.

Kurasa sita. Zingeenea kwenye kibweta.

Lakini mpwa wangu Wáshington anasema tovuti haikai hewani,
sharti ipangiwe chumba kwenye seva ya mtu,
na wenye vyumba ni wengi kama inzi wa machinjioni,
kila mmoja na ngoma yake.

Wa kwanza: peso mia kwa mwezi! Nafasi bila kikomo!
Nikavaa miwani ya kazi, ile ya kutafutia nyufa,
nikashuka hadi chini kabisa, kwenye herufi za sisimizi:
mia ni ya mwaka wa kwanza,
kisha mia nne na themanini.
Hiyo si bei, ni chambo.
Na kisicho na kikomo mimi sijakiona;
hata mvukuto mpya hufika mahali ukakataa kuvutika.

Wa pili ni bure.
Bure, ila juu ya daftari la baba
yatabandikwa matangazo ya dawa ya upara.
Baba alikuwa na upara. Nilicheka, nikafunga.

Wa tatu aliniuliza nataka viini vingapi vya kichakata.
Mwanangu, nikamwambia,
naweka karatasi sita, sifungui benki.

"Shangazi, chukua ya rahisi tukalale," Wáshington akasema.
Rahisi ghali, nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nakumbuka maji.

Juni ile mto ulipanda hadi ngazi ya tatu ya karakana.
Bandoneoni tuliziokoa zote. Daftari tulilisahau.
Tulilianika kwenye kamba ya nguo,
karatasi moja moja, kwa vibanio,
na herufi M hadi R hazikurudi.
Wapo watu ambao kazi waliyofanyiwa na baba
haijulikani tena na yeyote.

Basi saa nane ya usiku nikawaandikia waliobaki, swali moja:
Maji yakipanda kwenu, daftari langu litakuwa wapi?

Roboti wawili walinishukuru kwa kuwasiliana nao.
Mmoja alinitumia kuponi.
Kulipokucha akajibu mwanamke, Nidia, kutoka Tacuarembó,
kampuni ya watu wanne,
tovuti yao wenyewe mbaya kama uji uliomwagika:
"Nakala moja kila usiku, inalala Montevideo, mbali na hapa.
Peso mia mbili na kumi, mwaka huu na mwaka ujao.
Nafasi yetu ina kikomo. Kwa karatasi sita hutakifikia.
Na jina la tovuti liandikishe kwa jina lako,
usituachie sisi, usije ukataka kuhama tukakusumbua."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa kadi mkobani.
Mwenye nyumba anayekuonyesha mlango wa kutokea
siku ileile unapoingiza godoro.

Ni mwezi wa pili sasa.
Jumapili moja ilizimika dakika arobaini;
Nidia aliniandikia kabla sijajua.
Nilikuwa nakula, na duniani kote hakuna aliyebisha hodi.

Kaunta inasema wageni kumi na mmoja.
Tisa ni mimi na Wáshington.
Wa kumi alipita tu.
Wa kumi na moja alifungua ukurasa wa tano,
akafika mwisho wa L, pale karatasi zinapokatika,
akakaa hapo dakika ishirini na mbili,
akaondoka bila kuandika neno.