Nne Nukta Tisa

Uwanja ni mmoja, hapa Makorora, nyuma ya darasa langu la hisabati.
Asubuhi ni wa paredi, mchana ni wa mbuzi wa jirani,
jioni ni wa wasichana wa mpira wa pete,
na kila Ijumaa, tangu enzi za mkuu wa shule wa zamani,
ni wa kikundi cha mdumange cha Bi Semkiwa, mpishi wetu.

Mimi ndiye mwenye chokaa.
Mfuko mmoja kwa muhula, umeandikwa katika daftari la stoo:
saini yangu, saini ya mhasibu, na meno ya panya.

Alhamisi nachora.
Ijumaa inakuja miguu ishirini na minne yenye njuga.
Jumamosi sina uwanja tena, nina vumbi jeupe
na visigino vyeupe vinavyorudi Ngamiani kwa baiskeli.

Nililalamika. Niliandika barua, nakala tatu.
Mkuu wa shule akajibu kwamba utamaduni nao ni somo.
Bi Semkiwa akajibu kwa upawa:
siku tatu sahani yangu ilikuwa mchuzi, maharage yalikuwa ya wengine.

Sasa Mwanatumu.
Mfungaji wetu, mrefu kama swali la mwisho la mtihani.
Chini ya pete hakosi.
Anapinda goti, anasubiri pumzi moja,
mpira unaingia bila kugusa chuma,
kama mtu anayeingia kwao.
Lakini ubaoni, nikimwuliza habari za kipenyo,
ananitazama kana kwamba nimemtajia ndugu wa upande wa baba
ambaye hakuwahi kuja hata msibani.
Jaribio la Machi: saba kwa mia.
La Aprili: tisa.
Nikaandika kwa wino mwekundu, *Jitahidi*,
neno ambalo mwalimu huliandika akiwa amechoka yeye.

Jumamosi ya mechi wageni wa Muheza walishuka
na sare za zambarau, zimepigwa pasi hadi kwenye soksi.
Mwamuzi, dada mwenye filimbi na haraka zake, akauliza:
"Nusu duara liko wapi?"
Lilikuwa kwenye nyayo za watu.
Mfuko mtupu. Muhula bado mbichi.
Bi Semkiwa akageukia sufuria zake,
nami nikaanza kusema sentensi ndefu yenye neno *bajeti*.

Mwanatumu hakuuliza mtu.
Aliingia stoo, akatoka na kamba ya mkonge ya kufungia kuni,
akaipima kwa tepu ya mwalimu wa ushonaji,
mara tatu na ushei,
akapiga fundo: nne nukta tisa.
Ncha moja akampa Bi Semkiwa aishike chini ya mlingoti,
na yule mama, aliyezoea kusimama katikati,
akachuchumaa bila neno.
Binti akazunguka na jivu la jikoni kwenye kopo lenye tundu,
kamba imekaza,
na mimi, niliyekuwa bado nina kalamu masikioni,
nikaona miguu yake haitembei.
Ilikuwa ikicheza. Hatua mbili, kisigino. Hatua mbili, kisigino.
Mstari ukapinda, haukuyumba,
ukarudi kwenye goli ulikotakiwa kurudi.

Kumbe alikwisha kufundishwa duara, zamani,
na si mimi.

Tulifungwa. Ishirini na tatu kwa ishirini na moja.
Wa Muheza wakala wali wetu, wakasifu nazi,
wakapanda gari lao jua likiwa bado juu.
Tanga hii: waja leo, waondoka leo.

Jumatatu nilifuta ubao nikasema, tokeni nje.
Wanafunzi arobaini na wanane, kamba moja, kopo moja la jivu.
Nikashika ncha, nikaanza kuzunguka,
nikieleza nusu kipenyo kwa sauti ya darasani.

Bi Semkiwa alisimama mlangoni pa jiko, mwiko mkononi.
Akatazama robo ya duara langu.
"Mwalimu," akasema, "kamba yako imelegea."