Njano

Saa tano usiku, Nkuhungu. Upepo unapiga bati
kama mdai. Steshenari nimeshaifunga,
mashine ya fotokopi inapoa, nimebaki
na vijana wangu ishirini na watatu
ndani ya kompyuta iliyofutika herufi M.

Msimu wa kwanza niliwavunja.
Mazoezi niliyapandisha mpaka mwisho wa mstari,
kukabia juu dakika zote tisini,
na kila Jumatatu taarifa ya daktari:
msuli wa paja, wiki tatu;
goti, miezi saba;
kifundo; kifundo; paja tena.
Ikafika siku nikampanga kipa wa akiba winga ya kushoto.
Akafunga, hata hivyo. Kisha naye akateguka.

Ndipo nikajifunza kusoma rangi.
Kila mmoja ana moyo mdogo pembeni mwa jina:
kijani, acheze; njano, fikiri;
nyekundu, mwache, hata ikiwa fainali,
hata kama ni yeye tu anayeijua njia ya golini.
Mazoezi nikayakata nusu. Kesho ya mechi, walale.
Pesa ya mshambuliaji nikamwajiri mkandaji.
Majeruhi kumi na mmoja wakawa wanne.
Nikajiona fundi.

Mchana, lakini, nina timu nyingine:
wasichana wa mtaa, uwanja wa changarawe
nyuma ya mashine ya kusaga,
goli moja lina mwamba, la pili lina kamba.
Dada yangu Nyemo ndiye mbio zetu.
Kifundo chake kimevimba tangu wiki ya Sabasaba.
Namfunga kipande cha kanga, ananitazama,
natazama pembeni.
“Kaza tu,” nilimwambia. “Kaza, ni nusu fainali.”
Mara tatu nimesema hivyo. Nimehesabu.

Fainali, Jumapili, tunacheza na Kizota.
Mbuzi wa ushindi kafungwa kwenye nguzo ya umeme,
anatafuna boksi la sabuni.
Nyemo akakaza kamba za viatu, akainuka,
akasimama mguu mmoja kama korongo.
Hapakuwa na moyo pembeni mwa jina lake.
Hapakuwa na jina hewani. Palikuwa na vumbi
na unyayo usiotaka kugusa chini.
“Kaa,” nikasema.
“Nini?”
“Kaa, Nyemo. Anaingia Mbeleje.”

Tulifungwa moja bila. Mbuzi akaenda Kizota
akigeuka nyuma kututazama.
Mama Chilewa, muuza zabibu, akaniuliza mbele ya watu
nimekula shilingi ngapi.
Siku nne Nyemo alipika ugali, akapakua,
akaisahau sahani yangu.

Usiku wa tano aliingia bila hodi,
akavuta kiti cha plastiki, akaweka mguu
juu ya bunda la karatasi,
akaisoma orodha ya vijana wangu, jina kwa jina.
“Huyu namba saba umemweka nje kwa nini?”
“Njano.”
Akanyamaza. Upepo ukaliacha bati, ukarudi.
“Na mimi?” macho bado kwenye kioo. “Mimi leo rangi gani?”

Nikainama. Nikaubonyeza uvimbe kwa kidole, taratibu,
na kwa mara ya kwanza tangu Sabasaba nikauliza:
“Hapa panauma?”

“Juu kidogo,” akasema. “Hapo.”