Mlinzi wa Shingoni

Mia themanini juu ya mia na kumi,
akasema Daktari Salhiya, akaulegeza ule mkanda,
ukashusha pumzi mkononi mwangu
kama mtoto aliyechoka kulia.
Hospitali ya Wete, saa nne asubuhi, msimu wa karafuu:
zimeanikwa majamvini mpaka karibu na geti,
harufu yake imeingia hadi kwenye pamba.

Nikamwambia, mie siumwi.
Nimemsindikiza Bi Time, yeye ndiye mwenye presha,
mie nimekalia benchi tu na kofia yangu mapajani,
kiua hakijafika nusu,
sindano nimeichomeka kwenye buibui.

Akanigusa chini ya taya,
pale ninapojipaka mafuta ya udi siku ya Idi.
Hapa, akasema, pana mlinzi.
Hana macho, hana rungu.
Kazi yake kuushika ukuta wa mshipa
na kusikiliza damu inavyousukuma.
Ikizidi, hupeleka habari kisogoni,
na kisogo kina mishipa miwili ya fahamu ya kuituma:
mmoja huuambia moyo, taratibu, baba, taratibu;
wa pili, ule wenye kiboko, huambiwa ukae.
Yote hayo kabla hujaimaliza bismillahi.

Basi wangu kalala?

Hajalala. Kazoea.
Mwanzo damu ilipogonga alipiga kelele.
Mwaka uliofuata akanong'ona.
Kisha akaandika daftarini mwake:
nyumba hii ndivyo ilivyo.
Sasa vishindo kwake ndiyo kimya,
na tukikushusha kwa pupa
atadhani unakufa,
atamwita mwenye kiboko aje kukuokoa.

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka.

Hamadi alikwenda Salala kwa miezi sita.
Huu mwaka wa kumi na moja.
Mdogo wetu, Shaame, hurudi saa tisa za usiku,
na moyo wangu huruka kabla hajaligusa komeo.
Deni la uzi dukani kwa Mzee Rubea
nalilipa kwa kofia, kofia nazishona kwa deni.
Na kila asubuhi, dirishani:
Habari za kuamka, Mkasi?
Njema.
Za watoto?
Njema.
Za huko Salala?
Njema, njema.

Bi Time akatoka chumba cha pili kanuna:
mia na ishirini juu ya themanini,
kutoka Gando mpaka hapa, bure!

Nimepewa kidonge, nusu kila usiku,
na chumvi niipunguze, ng'onda nimuage.
Mlinzi hufundishika upya, kasema daktari,
lakini polepole, kwa miezi,
kama mkono uliokosea kitobo
ukalazimika kufumua.

Usiku huu nimeiweka kofia chini.
Nimetia vidole viwili chini ya taya.
Habari? namuuliza.
Nangoja.
Asiniambie njema.