Lumbesa

Ukurasa wa arobaini na moja, kanuni ya tisa, kipengele cha tatu:
*Somo lililorudiwa litahesabiwa mara moja.*
Maneno matano tu.
Kitabu nilipewa wiki ya kwanza, nikakisukumiza
chini ya mguu wa kitanda uliokuwa ukichechemea
kule Iyunga, chumba tulichopanga wawili, mimi na Edna Mlowe.
Kitanda kilitulia, sikatai.
Miaka mitatu nimelala juu ya sheria
bila kuiota hata moja.

Bwana Mhongole wa ofisi ya usajili
ana sweta la kahawia, kiwiko kimetoka nje.
Julai ya Mbeya, baridi inaingia bila kubisha hodi.
Akajumlisha kwa penseli: mwaka wa kwanza, mia na ishirini;
wa pili, mia na ishirini;
wa tatu...
Akalowesha kidole. Akarudi nyuma.
"Takwimu umeiandika mara mbili, binti."
Nimeifanya mara mbili, nikasema.
Nimeilipia mara mbili. Nimeililia mara mbili.
"Umeifaulu mara moja,"
akasema, si kwa ukali,
kama mtu anayesoma mita ya maji.

Mia tatu arobaini na nane.
Inatakiwa mia tatu sitini.
Nami ndiyo maana niliacha lile somo la hiari,
nikajua nimejaa.
Nijalizie, mzee, nikamwomba. Kumi na mbili tu.
Akafunga faili taratibu,
akanielekeza dirisha la kujisajili upya.

Nikapanda Isyonje na ukungu.
Mama alikuwa anachambua viazi,
vya mbegu huku, vya gunia kule.
Vitenge vya shangazi wanne vilishashonwa,
vya njano, vimekunjwa juu ya kabati.
"Zimepungua kumi na mbili za nini?"
Krediti, mama.
"Moja ina kilo ngapi?"
Haina kilo. Ina saa kumi za kusoma.
Akanyamaza, midomo ikihesabu.
"Saa mia na ishirini.
Siku kumi na tano za palizi.
Tusekile, umepanda mlima kunililia palizi?"

Kisha akalipiga teke gunia lililo mlangoni,
lile lenye kilemba cha nyavu juu,
lililojazwa likajazwa tena
kwa sababu mnunuzi kasema bado.
"Huyu mzani wake uko machoni mwake.
Akiamka na njaa, gunia langu halijajaa.
Hao wako wameandika?"
Wameandika.
"Kabla hujaanza?"
Kabla.
"Basi nisomee."

Nikamsomea jikoni, kuni mbichi zikitutoa machozi:
mahudhurio, asilimia sabini na tano;
rufaa, ndani ya siku kumi na nne;
kuahirisha masomo, kwa barua, si kwa mdomo.
Kila kipengele akinisimamisha: rudia hapo.
Kwenye kanuni ya tisa hakunisimamisha.
Alichokoa moto tu.

Novemba mahafali yakapita.
Edna alinivika kofia yake tupige picha,
nikaivua kabla mpiga picha hajafika tatu.
Mvua za kwanza zilinikuta darasani
na watoto wa mwaka wa pili,
nikisoma somo nililoliacha, nimekaa mbele,
na mtaala nimeubandika kwenye daftari kwa gundi ya unga.

Mwakani Gwamaka, mdogo wangu, anaanza chuo.
Kitabu nimempa yeye, ukurasa wa arobaini na moja
nimeukunja pembe.
Ameniuliza mbona jalada lina shimo la duara.

Kitanda changu kinachechemea tena.
Nimekiacha.