Kwa Mgeni Atakayelala Hemani Igombe

Mwangaluka. Na wewe itikia hivyohivyo.
Jua likishavuka utosi ni mwadila; ukichanganya watacheka,
na hapo utajua umekaribishwa.

Mimi ni Kalunde, wa daftari na ndoo.
Jina lako nimeliandika nilivyolisikia.

Usisimamishe hema pale peupe palipofagiliwa.
Hakuna aliyepafagia. Ile ni barabara ya siafu,
nao hawaombi tiketi.
Panda kidogo, hadi mninga ule ulioungua ubavu,
mlango utazame bwawa, kisogo uupe upepo.
Umeambiwa Afrika ni joto. Aliyekuambia
hajalala Tabora mwezi wa saba.
Saa kumi usiku baridi itakuamsha kwa jina,
jina lako sahihi, siyo hilo la kwenye daftari.
Njoo na soksi za sufu, pea mbili. Ya tatu nipe mimi.

Maji: ndoo moja, watu wawili, siku nzima.
Anza na meno, uso, kisha yale yasiyotajwa,
miguu iwe ya mwisho.
Bwawani usiingie hata likikukonyeza.
Kichocho hakina haraka; kitakufuata hadi kwenu
na kujitambulisha ukiwa umeshasahau safari.

Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa.
Noti ya elfu kumi itafutie chenji mjini,
maana Mama Mihayo wa uji hana chenji,
hajawahi kuwa na chenji,
atakurudishia matobolwa, nawe utayahesabu ukiyatafuna.

Mwaka juzi kijana mmoja, Torsten,
alitoka usiku kujisaidia. Mahema yote ya kijani,
yote mapya, yote mgongo mmoja.
Alirudi akalala fofofo
katikati ya wapiga manyanga wawili wa Sikonge,
wanawake wenye wajukuu.
Asubuhi walimpa uji, na jina: Wakatikati.
Bado anawaandikia.
Basi funga kitambaa kwenye kamba yako. Chekundu.

Umenionyesha vizibo vyako vya masikio,
vidogo, vya manjano, kama punje za mahindi.
Vitumie, sikukatazi. Ila ngoma ya hapa haipiti sikioni.
Inapita ardhini, inapanda uti wa mgongo,
inakukuta umelala, inakuuliza:
ulisafiri siku tatu uje kufumba macho?
Ikikuuliza, amka.
Deni la usingizi utalilipa kwenye treni.

Jambo moja halimo daftarini.
Babu wa bibi yangu alikuwa mpagazi.
Alibeba kichwani hema la Mjerumani,
hema, na kitanda cha hemani, na beseni la kunawia,
na mvua ikinyesha turubai lilikunywa
hadi likawa na uzito wa maiti.
Bibi alisema hata uzeeni, mikono mitupu,
akienda chooni tu,
alitembea kama mtu anayeogopa kumwaga.
Jana nilipokuona unashuka kwenye pikipiki,
hema mgongoni, jasho puani, ukiuliza njia,
nilicheka. Samahani.
Sikukucheka wewe.

Nasikia kwenu tamasha likiisha
watu huondoka na kuacha mahema yamesimama,
uwanja mzima, kama kijiji kilichokimbia.
Hapa usifanye hivyo, hata kwa wema,
hata ukiliita zawadi.
Litikise mchanga. Likunje mara tatu.
Likalie mpaka litoe pumzi ya mwisho.
Kisha libebe ulivyokuja nalo.
Shingo za ukoo wetu zimo likizoni.

Na kigingi kikipotea usipapase gizani, kuna nge.
Njoo langoni. Ninavyo kopo zima.